Moto wa Chumba cha Pasi

Katika nyumba ya kulelea wazee ninakopika, yupo mama mmoja ambaye sare yake haijawahi kuguswa na pasi. Huifua mwenyewe, huikung'uta mara tatu, huitundika kwenye henga, na jinsi ilivyokauka ndivyo anavyoivaa. Meneja alimsema mara mbili, kisha akachoka. Tumekunywa chai meza moja kwa miaka tisa, na muda wote huo nilidhani ni kutojali nguo tu, maana uvivu siwezi kumsingizia mtu anayemgeuza mzee wa kilo tisini kitandani bila kuita msaada.

Alinieleza mwenyewe, baada ya safari yake ya kwanza kupita kwao. Nami naeleza kama nilivyoelezwa, na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitatia langu.

Kwao walimwita Mnyoosho. Alipata jina hilo akiwa na miaka kumi na tisa, alipoajiriwa kupiga pasi kwa dobi mmoja mwenye chumba kirefu nyuma ya barabara ya soko. Mbele palikuwa na kaunta ya kupokelea nguo, katikati mabeseni na mashine mbili kuukuu, na mwisho kabisa chumba cha pasi, chenye ukuta wa matundu ya hewa na rafu za mashuka ya hospitali hadi darini. Wateja walisema mstari wa suruali aliounyoosha yule binti ungeweza kukata mkate. Makarani walikuwa wakiingia na kusema, "Yangu apige Mnyoosho, la sivyo nairudisha."

Aliyemfundisha kazi alikuwa mfuaji mkuu, mwanamke mnene mwenye kicheko, ambaye mikono yake ilikuwa na sabuni hadi viwikoni tangu asubuhi mpaka jioni. Huyo walimwita Bi Povu. Siku ya kwanza alimshika bega na kumwambia, "Sikiliza, mwanangu. Ukimaliza, chomoa plagi, zungusha waya kwenye mpini, ndipo uvue aproni. Usianze na aproni. Ukishavua aproni, akili imeshafika nyumbani."

Kwa miaka mitano Mnyoosho alifanya hivyo hivyo. Chomoa, zungusha, vua. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo: jambo unalolifanya kila siku halikai kichwani. Muulize mtu kama leo alifunga mlango kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Jumamosi moja walifunga saa saba mchana. Mnyoosho alitoka wa mwisho chumba cha pasi, akamwacha Bi Povu uani akisubiri mashuka yakauke kambani. Alifika nyumbani, akala, akaanza kuosha nywele. Saa tisa kasoro alisikia watu wakikimbia barabarani. Akatoka na povu kichwani. Moshi ulikuwa upande wa soko, mweusi, mnene, nao moyo ukamwambia kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Alipofika, paa la nyuma lilikuwa limeshaanguka. Dobi alikuwa katikati ya barabara, mikono kichwani, na alipomwona alimnyooshea kidole. "Pasi! Huyu hapa! Kaacha pasi!" Watu wakageuka wote. Mnyoosho alifungua kinywa aseme hapana, akatafuta kichwani picha ya mkono wake ukichomoa plagi ile mchana ule, asiione. Aliona mikono ya siku nyingine zote. Ya siku ile hakuiona. Basi akafunga kinywa. Na mtu anayenyamaza mbele ya umati, umati unajua la kufanya.

Bi Povu alikuwa ameshapelekwa hospitali. Mikono yote miwili. Walisema aliingia ndani kuokoa nguo za wateja.

Mnyoosho alikaa nyumbani siku kumi na moja. Hakuna aliyemshtaki, lakini mtaa haukuhitaji hakimu. Watoto walimtungia jina jipya, wakawa wanaliimba wakipita dirishani: Kiberiti. Mama yake alikwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu, akakaa jikoni bila kusema kitu. Hakumgombeza hata siku moja. Mnyoosho anasema angemgombeza ingekuwa nafuu.

Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, ndiye aliyetoa shauri. "Ondoka kwa muda, mdogo wangu. Mambo yakipoa nitakuandikia." Akambebea begi mpaka stendi. Akamtafutia na kiti cha dirishani.

Muda ule ukawa miaka ishirini na minane.

Huku alikofikia aliosha sakafu za ofisi, kisha akaingia kwenye kazi hii ya wazee. Hakugusa pasi tena. Kabla ya kutoka chumbani kwake hurudi kutazama soketi mara nne. Mimi mwenyewe nimewahi kumsubiri mlangoni nikidhani anatafuta funguo. Mwanamume mmoja, seremala, mtu wa heshima zake, alitaka kumwoa. Alimkataa. Nilipomwuliza sababu alisema, "Ningeishi naye nyumba moja, na siku moja ningesahau kitu."

Kaka aliandika mara chache, baadaye akawa anapiga simu ya kazini. Kila mara ilikuwa habari fupi: fulani kaoa, mvua zimechelewa. Mwaka wa tisa alipiga kusema mama amefariki. Mnyoosho alisema anakuja, atapanda basi jioni ile ile. Kaka akasema, "Usijisumbue. Watu huku bado wana maneno. Utaharibu msiba." Mnyoosho akakata tiketi hata hivyo, akaenda stendi, akakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka bila yeye. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida.

Mwaka huu meneja alimpeleka kwenye mafunzo ya wiki mbili, mbali sana. Wakati wa kurudi, kampuni ya mabasi ilibadilisha njia. Abiria wote walishushwa kwenye mji mmoja Jumanne mchana na kuambiwa basi lingine litawachukua Alhamisi asubuhi. Mji wenyewe ulikuwa kwao. Wenzake walimlalamikia kondakta. Yeye alikaa kwenye kiti chake hadi dereva alipomwambia, "Mama, tumefika."

Alichukua chumba kwenye gesti iliyo karibu na stendi. Dada wa mapokezi, binti mchangamfu, alimwuliza kama ni mara yake ya kwanza kuja hapa.

"Ndiyo," alisema Mnyoosho.

"Basi usitoke na simu mkononi. Na ukitaka kujua njia uliza mtu mwenye duka, usiulize wapita njia, watakudanganya tu."

Akamshukuru. Alipangiwa chumba cha juu, chenye kitanda, kiti cha plastiki na dirisha linalotazama mabati. Alilala mchana kutwa. Jumatano asubuhi akajikaza kisabuni, akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akatoka.

Mji ulikuwa umemsahau kabla yeye hajausahau. Barabara ya soko ilikuwa na lami, na pale pa dobi palikuwa na duka la dawa, vigae vyeupe, feni, msichana mwenye koti. Aliingia, akanunua dawa ya kichwa asiyoihitaji. Alikadiria kwamba rafu ya dawa za kikohozi ndiyo ilipokuwa meza yake. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Alitoka akijisikia mwepesi kidogo, kama mtu aliyepita mbele ya mbwa asiyebweka, na nadhani angerudi gesti salama, akapanda basi lake Alhamisi na kufa bila kujua, kama kisigino cha kiatu chake kisingechomoka pale pale kwenye ngazi za duka.

Hatua kumi mbele alikuwapo fundi viatu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, amekaa kwenye kiti chake kifupi. Mnyoosho akakaa kwenye benchi la wateja, akamkabidhi kiatu bila kumtazama usoni. Fundi akakigeuza. Akaomba na kingine. Akavitazama vyote viwili, chini, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Cha kulia kinaliwa upande wa nje," alisema. "Cha kushoto kiko sawa."

"Ndivyo ninavyotembea."

"Najua. Nimeshona viatu mji huu miaka arobaini na mbili, na nimemwona mtu mmoja tu mwenye mguu huu." Akainua miwani. "Kiberiti!"

Alilisema kwa furaha. Hilo ndilo lililomchoma kwanza. Alilisema kama mtu anavyomwita mpwa wake.

Mnyoosho aliinuka pekupeku. "Nipe viatu vyangu, mzee."

"Kaa, bwana, kaa, mbona unakurupuka? Jamani, umezeeka! Na mimi je? Usiseme." Alikuwa ameshaanza kupaka gundi. "Ulituacha. Tukasema, ah, binti ana moyo mgumu yule. Hata baada ya mambo kujulikana hakurudi."

"Mambo gani kujulikana?"

"Ya moto ule." Fundi aligonga msumari. "Ya yule fundi wa kuchomelea mageti, aliyekuwa ukuta wa nyuma."

Mnyoosho akakaa tena. 

Fundi alimweleza akiendelea na kazi yake, kama mtu anayesimulia mpira wa zamani. Watu wa zimamoto walikuja kukagua mwezi wa tatu baada ya moto. Walikuta umeanzia chini ya rafu za mashuka, penye ukuta wa matundu, wala si mezani. Yule mchomeleaji alikuwa ameegemeza geti kwenye ukuta ule ule Jumamosi mchana. Cheche zilipita kwenye matundu zikatua kwenye mashuka makavu. Alipobanwa akakiri, akahama mji. "Na pasi yako ilikutwa kwenye kifusi, meza imeilalia. Plagi nje. Waya umezungushwa kwenye mpini, umeyeyuka vile vile ulivyozungushwa. Dobi aliibeba akatuonyesha sisi wote hapa barabarani. Alilia yule mzee. Ameshakufa, Mungu amrehemu."

"Mwezi wa tatu," alisema Mnyoosho.

"Wa tatu au wa nne. Sasa, kaka yako hakukwambia?"

Alinyoosha mkono. Fundi alimpa viatu vyake, akakataa malipo, akamwambia asipotee tena. Jina lile watu waliendelea nalo kwa sababu lilishazoeleka, alimweleza. Hakuna aliyekuwa na ubaya.

Hakuna aliyekuwa na ubaya! Nilipofika kusikia hapo niliweka kikombe chini. Yeye akaniambia nisubiri.

Nyumba ya mama yake alifika bila kuuliza mtu. Ilikuwa imeongezwa vyumba vitatu kwa nyuma na kupakwa rangi ya kijani. Kaka alikuwa sebuleni, mvi tupu, magoti yamevimba, ameyanyoosha juu ya stuli. Alipomtambua alipiga kelele ya furaha mpaka mkewe akatoka jikoni. "Mdogo wangu! Jamani, mdogo wangu! Mke wangu, njoo uone maajabu!" Alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Wifi akamkumbatia, akamvuta kwenye kochi, akakimbilia kuweka maji ya chai.

Mnyoosho hakuegemea. Alisubiri wifi arudi na vikombe, akae, kwa kuwa alitaka wote wawili wasikie.

"Kaka, pasi yangu ilikutwaje?"

"Pasi gani tena?"

"Kaka."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sinia.

"Nilidhani ulishasikia," alisema kaka.

"Kwa nani? Nilikuwa na wewe tu."

Nje mtu alikuwa anavuta maji kwenye tangi, na bomba lilikuwa linakwaruza.

"Mama alijua?"

Ni wifi aliyejibu, taratibu, kama anayetoa mwiba. Wakati ule alikuwa mchumba bado, akija pale kumsaidia mama mkwe. Alisema mama alipopata habari alitoka na kanga moja, bila viatu, akapita nyumba kwa nyumba mtaa mzima. Akibisha hodi na kusema: Mwanangu alichomoa. Mlisema hakuchomoa, mwanangu alichomoa. Hata kwa wale waliomnyima salamu alikwenda. Kisha akarudi, akamkalisha mwanawe wa kiume mezani aandike barua, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kuandika.

"Na uliandika?"

"Niliandika," alisema kaka. "Sikuipeleka posta."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naoa mwezi wa tano. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, unakumbuka. Mama kimoja, na kile chako... nilikuwa nimeshakipiga chokaa. Kitanda kimeshaingia. Nikasema, akirudi sasa nitamweka wapi? Acha nioe kwanza, nitaipeleka. Nikaoa. Akaja mtoto. Halafu barua imeshapitwa na miaka miwili, naanzaje? Kila mwaka ulivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi."

"Mama hakuuliza?"

"Aliuliza kila wiki. Amejibu? Nikawa nasema bado." Kaka alipangusa uso kwa kiganja. "Aliponizidia, nikasema umejibu. Nikasema umeandika kwamba una hasira na mji huu, hutaki kuusikia. Akaacha kuuliza."

Mnyoosho akauliza, "Kwa hiyo alikufa akijua kwamba mimi najua. Na kwamba nimekataa kuja."

"Nilikosa, mdogo wangu."

"Nilipotaka kuja kumzika ulisema watu wana maneno."

"Ungekuja, ungeambiwa yote pale pale msibani, mbele ya watu. Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Kwa ajili ya chumba."

"Si chumba tu..."

"Kuna nini kingine? Nitajie."

Anasema kaka alifikiri kweli. Alitafuta kama mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta funguo, na ungemwonea huruma. Mwishowe akasema, "Hapana. Ni chumba."

Mnyoosho aliomba akione. Wifi akamfungulia mlango. Hakikuwa chumba cha mtu tena. Wenyewe walikuwa wameshahamia vyumba vikubwa vya nyuma miaka mingi. Kulikuwa na viti vya plastiki vimepandana, baiskeli isiyo na gurudumu, magunia ya mkaa, na godoro lililotafunwa na panya. Alisimama mlangoni, akarudi, akachukua mkoba wake.

"Kaa ule, wifi," alisema mke wa kaka. "Tafadhali."

"Nimeshakula gesti."

Getini wifi alimfuata. Alimshika mkono. "Sitakudanganya. Mwanzo sikujua kwamba barua haikwenda. Nilijua mwaka wa tano. Nikanyamaza, ni mume wangu." Kisha akaongeza, "Bi Povu yu hai. Nyuma ya kinu cha kusaga, mlango wa bluu. Hakuwahi kuacha kukutaja."

Hapa ndipo Mnyoosho, kwa maneno yake mwenyewe, alipofanya upumbavu. Alikwenda kwa Bi Povu kama anayekwenda kupokea pole. Njia nzima alikuwa anajiambia, huyu ndiye wa kwangu, sote wawili tuliunguzwa na cheche zile zile, tutalia pamoja. Alikuwa na hasira tele na alitaka mahali pa kuitua.

Bi Povu alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kitanda cha kamba, mbele yake bakuli la maharage ambayo hayajachambuliwa. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imevutika na kung'aa tangu kwenye viganja hadi juu ya viwiko, na vidole vya mkono wa kushoto havikufunguka. Alimtazama mgeni wake kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Nguo gani hiyo imekunjamana hivyo, wewe binti?"

Mnyoosho akaanguka magotini, akaanza kueleza. Kaka, barua, mama, chumba. Alieleza yote bila kupumua. Bi Povu alichambua maharage kwa mkono mmoja mpaka akamaliza.

"Pole," alisema. "Kaka yako ni mtu mdogo. Siku zote alikuwa mdogo."

"Nimeishi na mikono yako miaka yote hii, Bi Povu. Nilijua ni mimi niliyekuunguza. Wewe na nguo za watu—"

"Nguo za watu zinanihusu nini?" Bi Povu aliinua macho. "Nani kakwambia niliingia kwa ajili ya nguo?"

"Walisema..."

"Sikukuona ukitoka. Nilikuwa nyuma ya mashuka, uani. Moto ulipolipuka nilijua wewe umo chumba cha pasi. Nikaingia nikikuita. Nikashika mlango wa bati kwa mikono miwili, nikauvuta, huku nakuita. Ulikuwa unaosha nywele, kumbe. Sikulaumu kwa hilo. Ungejuaje?"

Mnyoosho aliitazama mikono ile.

"Nililala hospitali miezi minne," aliendelea Bi Povu, bila kupandisha sauti. "Wewe ulikaa mjini siku kumi na moja kabla hujaondoka. Niliambiwa baadaye, nikazihesabu. Kutoka kwenu mpaka wodini ni mwendo wa robo saa. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuza kichwa. Nilisema, atakuja tu, ni mwanangu yule. Sikutaka uniombe radhi ya moto. Nilitaka uje unitoe nzi usoni, maana mikono sina."

"Niliogopa."

"Najua."

"Nilidhani ni mimi niliyekufanyia. Ningekutazamaje?"

"Hata kama ingekuwa wewe, binti. Hata kama ingekuwa wewe." Akasogeza bakuli. "Haya. Nimechoka, nataka kujinyoosha. Nenda sasa."

Mnyoosho aliniambia kwamba katika yote ya siku ile, haya ndiyo anayoyasikia akiwa amesimama kwenye ngazi za wodi yetu na trei mkononi. Kaka alimwibia miaka ishirini na minane. Hilo analijua, wala hamtolei udhuru. Lakini siku zile kumi na moja hakuibiwa na mtu. Mimi nilimwambia alikuwa msichana mdogo, ana aibu, mtaa mzima unamwimba. Akaniambia, "Robo saa, mpishi. Robo saa kwa miguu."

Alhamisi asubuhi kaka alikuja stendi. Alikuja kwa bodaboda, mkewe kamshikilia kwa nyuma asianguke. Alikuwa amevaa shati zuri. Alimwambia mdogo wake amsamehe, mbele ya abiria na wapakiaji mizigo, na machozi yalimtoka kweli.

Mnyoosho alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. "Sikiliza," alisema. "Bi Povu hana simu. Kila Jumapili saa kumi utachukua simu yako, utakwenda mpaka kwake, utampa, utasimama nje mpaka amalize. Usinipigie siku nyingine. Usiniulize habari zangu."

"Na magoti haya?"

"Utatembea polepole."

Alipanda, akakaa upande mwingine wa basi, ule usioelekea kwa kaka.

Kaka alikwenda. Jumapili za mwanzo Bi Povu aliishika simu, akasema yuko salama, akairudisha. Jumapili ya sita aliuliza Mnyoosho anakula nini huko. Baadaye wakawa wanaongea hata nusu saa, habari za mvua, za kinu kinavyopiga kelele, za jirani mwenye kuku wasiojua mipaka. Moto hawakuutaja tena. Mara nyingine mvua ilikuwa ikinyesha upande ule, na Bi Povu alisema, "Kaka yako yuko nje, analowa. Nimwite ndani?" Mnyoosho alikuwa akijibu, "Ni kwako, Bi Povu. Amua wewe." Bi Povu hakumwita.

Ilikwenda hivyo miezi saba. Jumapili moja tulikuwa jikoni tunamenya viazi, simu ikaita kabla ya saa kumi. Niliisikia sauti ya kaka mwenyewe, ingawa sikukusudia. Alisema, "Leo sina wa kumpa simu." Alikuwa anahema, nadhani alikuwa ametembea.

Mnyoosho aliuliza mazishi ni lini. Akafunga simu, akaosha mikono, akaenda kwa meneja kuomba siku nne. Alipewa tatu. Alikwenda, akawahi, akarudi.

Siku aliyorudi nilimmiminia chai na kumwuliza alilala wapi.

"Kwa Bi Povu. Wanawake tulijaa mpaka uani."

"Na kaka yako?"

"Alikuwepo," alisema. Akavuta kiti, akaniomba nimsogezee sukari, akaniuliza nani alimgeuza mzee wa kitanda cha nne wakati hayupo.